Mtaa unataka kufunga kibanda umiza kwa ajili ya watoto. Mimi nilipinga, nielezeni nimekosea wapi

Wakuu, salaam.

Naleta jambo lililougawa mtaa wetu huku Mbagala, Dar es Salaam, kwa wiki tatu sasa: kama tukifunge kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyesha filamu na mechi kwa kiingilio. Kwenye kikao cha Jumapili iliyopita nilijikuta upande wa watu wanne hivi, na mmoja wao alikuwa mwenye kibanda mwenyewe, kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyotazamwa.

Kisa ni hiki. Mtoto wa miaka minane alipigwa na wenzake kwenye mchezo, kipande cha ubao chenye msumari kikamchana juu ya sikio. Akashonwa nyuzi sita. Aliyempiga ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Kina mama walisema palepale: ni kile kibanda. Nyuma ya uwanja wetu kuna kibanda umiza cha mabati na turubai, mabenchi manne, kiingilio shilingi mia mbili kwa filamu na mia tano kwa mechi. Jumamosi watoto hujaa mpaka mlangoni, DJ anatafsiri ngumi moja baada ya nyingine, nao wanamfuatisha kwa sauti kama wako darasani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha kikao, na karibu kila aliyenyoosha mkono alitaka kibanda kifungwe.

Mimi nilikaa na yule mtoto aliyepiga jioni ileile, kabla baba yake hajarudi kutoka kazini. Ni wa jirani yangu, tunachangia ukuta. Nikamuuliza mlikuwa mnacheza nini, nikitegemea atanitajia stelingi wa filamu fulani. Akajibu, "Tulikuwa tunacheza mwizi."

Kwa mlio mbali na watoto, mchezo wenyewe uko hivi. Mmoja anapewa ndala au kopo, hilo ndilo "ameiba", anakimbia. Mmoja anapiga yowe la mwizi. Wengine wote wanatoka walikojificha na vijiti mkononi. Akikamatwa anakalishwa chini, mmoja anamuuliza "Simu iko wapi?" na yupo mwingine ambaye kazi yake ni kuviringisha tairi. Nikauliza tairi la nini. Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto. Nikauliza nani huwa mwizi. "Asiye na kaka." Yule aliyeshonwa amekuja kutoka Lindi mwezi wa tano, anakaa kwa shangazi yake. Hapa mtaani hana kaka.

Sasa nitajieni filamu iliyowafundisha hilo. Mwezi mmoja kabla ya tukio, kijana alikamatwa sokoni na simu ya mama muuza mboga. Alipigwa mbele ya watoto waliokuwa wanatoka shule, na polisi walipofika tairi lilikuwa limeshaletwa. Video yake ilirushwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na grupu hilohilo ndilo lililotumika kutuita kwenye kikao cha kufunga kibanda. Nilipolisema hilo kikaoni nilizomewa.

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu, alisimama akasema utafiti ulishathibitisha kwamba watoto huiga wanachokiona kwenye TV. Nikaenda kusoma. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Albert Bandura, Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, mwaka 1961. Alichukua watoto 72 wa chekechea. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa, yule ambaye ukimwangusha anainuka tena: anamkalia, anampiga nyundo, anamrusha. Walipoachwa na mwanasesere wengi walifanya vilevile, hata maneno waliyarudia. Watu hupenda kuutumia utafiti huu dhidi ya televisheni, lakini katika jaribio lile la kwanza hapakuwa na televisheni wala filamu. Alikuwa mtu mzima, mwenye mwili wake, chumba kilekile walichokuwemo.

Niwe mkweli, maana mwalimu yule akisoma hapa atanikamata: mwaka 1963 Bandura alirudia kwa filamu na kwa mtu aliyevaa kama katuni, na watoto waliiga vilevile. Kwa hiyo skrini inafundisha, sibishi. Ila jaribio la 1965 ndilo lililoninyima usingizi. Safari hii aliyempiga mwanasesere alionekana kwenye filamu zenye miisho tofauti: kwa kundi moja la watoto alisifiwa na kupewa zawadi, kwa lingine aliadhibiwa, kwa la tatu hakufanywa lolote. Waliomwona akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wengine. Kisha watoto wote wakaahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, na tofauti ikakaribia kufutika. Kipigo walikuwa wamekijua wote. Walichokuwa wanapima ni kama kinaruhusiwa.

Rudini sokoni sasa. Siku ile nani aliadhibiwa? Aliyempiga kijana teke la kichwa alinunuliwa soda. Mama mmoja alimwambia "Umefanya la maana, baba." Watoto wamesimama hapo na mabegi mgongoni. Kwenye filamu za kibandani, kwa ubovu wake wote, jambazi mkuu karibu kila mara anakufa mwishoni. Sokoni waliopiga walikwenda kunywa chai.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Mtoto hachukui kila kipigo anachokiona, anachukua kile kinachopigiwa makofi na watu anaowategemea. Makofi hayo tunayapiga sisi.

Kuna mzee alisema sisi tulikua bila haya mambo ndiyo maana tulikuwa na adabu. Ni kweli tulikua bila televisheni. Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Basi hesabu ni rahisi: Tanzania Bara nzima ilikuwa darasa la watoto wasioona TV kwa zaidi ya miaka thelathini ya uhuru. Mzee alipokuwa mtoto wezi hawakupigwa? Wake hawakupigwa? Wanafunzi hawakulazwa kwenye meza na kuchapwa? (Najua huu si utafiti. Lakini na yeye hakuleta utafiti.)

Takwimu tunazo za hapahapa. Mwaka 2009 vijana wa miaka 13 hadi 24 walihojiwa nchi nzima kuhusu ukatili waliofanyiwa utotoni, ripoti ikatolewa 2011 na UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC). Karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walisema kabla ya kufika miaka 18 walipigwa ngumi, mateke, walichapwa au walitishiwa silaha na mtu mzima au mpenzi. Kwa ukatili wa kingono, wasichana karibu 3 kati ya 10 na wavulana karibu 1 kati ya 7. Wapigaji wanaotajwa sana ni ndugu na walimu. Robo tatu, wakuu. Kibanda gani kina watazamaji hao?

Na mambo ya filamu na mambo ya mtaani hayakai mbalimbali. Mnakumbuka Oktoba 2016, video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu Mbeya, ngumi na mateke ofisini kwao? Wale walimu walifukuzwa vyuo, sawa. Lakini ile video ilifikaje kwa mtoto wangu wa darasa la pili? Ilifika kwa simu ya mama yake, na mama yake aliipata kwa dada yake, na kila mmoja aliituma akiandika "inasikitisha". Ajali za mabasi, maiti, mwizi anayeungua, fumanizi. Hakuna Bodi ya Filamu inayopitia hizo, hakuna umri unaoandikwa juu, na mtoto anazikuta akitafuta katuni. Zina tofauti kubwa na filamu: mtoto wa miaka saba anaweza kuambiwa "hawa wanaigiza" akatulia. Kwa hizi utamwambia nini?

Hata tulipowaogopa Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, Januari 2015, jiji zima likafunga maduka, redioni waliilaumu mitandao na sinema. Maelezo ya wakati ule yalikuwa kwamba vurugu zilianza baada ya mazishi ya mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Simtetei mtu aliyebeba panga. Nasema tu tulianza kuitazama filamu kutoka katikati.

Ninapokubali kosa la kibanda, nakubali bila kona kona. Usiku baada ya saa tatu kinaonyesha vitu ambavyo hata mimi nisingevitazama na mama mkwe, na mlangoni hakuna anayeuliza umri. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, filamu inatakiwa ipitishwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na mwenye kibanda wetu anacheka ukimtajia. Watoto wanatoroka shule kwa ajili ya mechi za mchana, na wameanza kubeti kwa kutumwa na wakubwa. Hayo yana mtu wa kuwajibika na adhabu yake ipo. Lakini kikao hakikuzungumzia hayo, kilitaka tu kupata mchawi.

Jambo moja la mwisho kuhusu yule mtoto wa jirani. Nyumba yetu haina dari, ukuta unaishia juu kidogo ya mlango, ukikohoa chumba cha kwanza anakuitikia wa chumba cha nne. Baba yake alirudi saa mbili usiku. Nilimsikia akimchapa kwa waya wa pasi, na kila fimbo na neno lake: "Nitakufundisha. Kupiga. Wenzako." Mtoto alilia, baadaye akanyamaza. Nilikaa kitandani na simu mkononi, namba ya 116 naijua, ni ya bure na ni ya kusaidia watoto. Sikupiga. Nilijiambia ni mzazi wake. Jumapili baba huyo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kibanda kifungwe.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu:

Kuna aliyeandika kwamba "hata Marekani wamepiga marufuku magemu ya vita kwa watoto". Si hivyo, mkuu. Jimbo la California lilipitisha sheria ya kuzuia kuwauzia watoto, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikasema tafiti zilizoletwa hazikuthibitisha kwamba magemu ndiyo chanzo cha ukatili. Sisemi majaji ni madaktari wa watoto. Nasema usiwatumie kama ushahidi.

Dada mmoja, anasema ni muuguzi, amenibana vizuri kuliko wote. Hoja yake: mtoto anayepigwa nyumbani ndiye huyohuyo anayekimbilia kibandani, na picha zile zinamwingia yeye kuliko mtoto aliyetulia kwao, kwa hiyo kusema "tatizo ni nyumbani" si sababu ya kuacha kibanda kiendelee. Hapo amenipata. Nilikuwa naziweka kama vitu viwili vya kuchagua kimoja. Ila dada, fikiria pia kinyume chake: kwa mtoto yule, kibanda ndicho mahali pekee ambapo Jumamosi nzima hakuna anayempiga. Tukikifunga anabaki wapi, kwenye kile chumba kisicho na dari?

Aliyesema "sisi tulichapwa na tumekuwa watu", ndugu yangu, sitakujibu kwa dharau. Kanuni za shule zenyewe tangu 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi. Wewe na mimi tulichapwa vingapi, na na nani? Tuanzie hapo.

Na kuhusu vichanga kupewa simu ili mama apike, nakubaliana na wengi wenu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba chini ya mwaka mmoja asipewe skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Lakini mimi mwenyewe nimeshampa wangu simu ale uji, nisijifanye mtakatifu.

Kikao kinarudi Jumapili ijayo. Nataka kupeleka mambo mawili: kwanza, kibanda kiwe na saa za watoto, saa nane mchana hadi kumi na mbili jioni, kisiwapokee siku za shule, na afisa ustawi wa jamii wa kata aje akikague; pili, grupu la mtaa lisirushe tena video ya mtu anayepigwa, anayerusha atolewe. La pili najua litapingwa kuliko la kwanza, maana msimamizi wa grupu ndiye aliyeirusha ile ya sokoni. Kama mtaa wenu ulishawahi kufunga kibanda, niambieni jambo moja tu: mwezi uliofuata watoto walikuwa wanashinda wapi?