Mrija wa kukinga kipimajoto, tanuri la 1,300 °C: alumina, silikoni kabaidi au silikoni nitraidi?

FundiShangani (Mtwara): Wakuu, naunda tanuri dogo la gesi. Nahitaji mrija wa kauri wa kukinga kipimajoto, uingie ubavuni, umeshikwa upande mmoja tu. Muuzaji anasisitiza silikoni nitraidi, eti kwa nguvu hakuna mfano. Nichukue?

Ruangwa_Jiwe: Hiyo nguvu imepimwa kwenye joto la kawaida, kaka. Nitraidi nyingi huchomwa pamoja na oksidi za kuongezea, nazo huacha utando mwembamba wa kioo kati ya punje (chembe ndogo zinazounda kauri). Ikivuka 1,000 °C na ushee, kioo kile huanza kulainika na punje zinateleza.

BintiMikindani: Kweli kabisa. Mrija uliolala hauvunjiki siku moja, unapinda polepole kwa uzito wake. Kasi ya kupinda hupanda mkazo (nguvu inayobebwa na kila eneo la kauri) ukipanda, na joto likiongezeka kidogo tu hupaa. Kwa alumina, punje zikiwa kubwa maradufu kasi hushuka mara 4 hadi 8. Lakini punje ndogo ndizo zenye nguvu kubwa kwenye baridi! Ukichagua kwa kuangalia nguvu peke yake kwenye jedwali la muuzaji, unachagua kinyume.

FundiShangani: Kwa hiyo alumina ya punje kubwa, dada?

BintiMikindani: Ndiyo, na uushushe kutoka darini. Ukining'inia wima hauna pa kupinda. Ila mlango usifunguliwe kukiwa moto: alumina hutanuka kama sehemu 8 kwa milioni kila digrii, kabaidi 4.5 hivi, na kabaidi husambaza joto upesi zaidi. Kwa mshtuko wa joto, yaani joto kubadilika ghafla hadi kauri ipasuke, kabaidi inashinda.

MzeeKauri_Lindi: Wanangu, kabaidi nazo si moja. Ipo yenye silikoni huru ndani, na silikoni huyeyuka 1,414 °C. Mwali ukilamba mrija, tofauti kati ya 1,300 na 1,414 ni ndogo mno kuitegemea.

Tena msisahau ukubwa. Weibull wa Sweden alionyesha mwaka 1939 kwamba kipande kikubwa kina nafasi kubwa zaidi ya kubeba ufa mbaya. Kipimo chake cha mtawanyiko (jinsi nguvu za vipande zinavyotofautiana) kikiwa 10, na ujazo wenye mkazo ukiwa mara 100 ya kijiti cha maabara, nguvu ya megapaskali 300 inabaki kama 190.

FundiShangani: Shikamoo mzee, nimeelewa. Nauning'iniza, alumina. Leo namwandikia muuzaji anipe ukubwa wa punje na kasi ya kupinda kwa 1,300 °C, pamoja na mkazo waliopimia.