Tupeane uzoefu: ulijaribuje pikipiki ndogo ya silinda moja kabla ya kuinunua?

Wakuu habari zenu.

Kila mtu akiuliza achukue Boxer, TVS, Honda au Yamaha, anajibiwa kwa majina matupu: "Chukua Boxer, spea kila kona", "Honda haifi hiyo". Hakuna anayemuuliza ana urefu gani, anaishi mlimani au tambarare, atambeba nani nyuma, na kama amewahi kuiendesha pikipiki yenyewe hata nusu saa. Naomba hapa tuzungumze tulioendesha kwanza tukachagua baadaye. Sema ulijaribia wapi, ulikuta nini, na ni kitu gani hasa kilikufanya uinunue au uiache. Tubaki kwenye 100cc hadi 150cc, hizi za kila siku.

Naanza mimi. Natoka Kimara kwenda Posta, hapa Dar, kila asubuhi, na mara mojamoja naenda Morogoro. Nilikuwa nasitasita kati ya 125 na 150. Shida ya pikipiki mpya ni kwamba maduka niliyozunguka Kariakoo hawakukubali iingie barabarani kabla ya malipo. Unawashiwa, unaikalia ikiwa kwenye stendi, basi. Nikaenda kijiweni kwetu, nikawatafuta vijana wenye modeli nilizokuwa naziwaza, nikakubaliana nao bei ya saa moja, mwenyewe anakaa nyuma. Nyingine nilipewa na jirani yangu mwalimu. Zote nilizipitisha njia ileile: foleni ya asubuhi hadi Ubungo, halafu kurudi ule mpando wa kuelekea Kimara.

Kwenye foleni niliona wazi kwamba nguvu za injini hazina kazi kubwa. Kinachokuchosha ni klachi ngumu, uzito wakati unasukuma kwa miguu, na usukani usiokata kona kati ya daladala mbili. Hizi 125 nyingi zina kilo 110 hadi 125 hivi, na tofauti ya kilo kumi unaisikia mgongoni jioni.

Jingine ni mtetemo. Injini ya silinda moja haina pistoni ya pili ya kusawazisha ile ya kwanza, kwa hiyo kila pikipiki ina mwendo wake ambao mtetemo unapanda mikononi na miguuni. Nenda mwendo utakaoutumia kila siku, halafu tazama kioo cha pembeni. Kama husomi namba ya gari lililo nyuma yako, ndivyo utakavyoishi nayo. Ile YBR125 ya mwalimu ina shafti ya kusawazisha ndani ya injini, na kwenye 60 kioo kilitulia nikamwona dereva wa nyuma hadi uso. Nikachukua YBR. Mwingine angependa mvuto wa 150, na kwa njia yake angekuwa sahihi.

Haya, karibuni. Mnaokwenda kujaribu, helmeti kichwani, na leseni iwe na daraja la pikipiki.

Kona za Lushoto

Mkuu umeanza vizuri, ila sisi wa milimani tambarare haituambii kitu. Barabara yangu ni Mombo kupanda Lushoto, kilometa thelathini na kitu, kona juu ya kona. Muuzaji alikuwa Mombo, nikamwomba nipande nayo kidogo nikiwa na shemeji yangu nyuma, mtu wa kilo 90. Alisita, nikamwachia simu na kitambulisho, akakubali.

Mlimani sikiliza inavyovuta kutoka chini. Toka kwenye kona ukiwa gia ya tatu, mwendo umeanguka, fungua resi taratibu. Nzuri inajikusanya na kupanda. Ile ya kwanza niliyojaribu ilikuwa inagonga na kukohoa mpaka nirudi gia ya pili, na nikiwa peke yangu nisingejua, kwa sababu bila mzigo ilikuwa nyepesi kabisa.

Halafu usirudi bila kujaribu mteremko. Shuka kwa gia ya pili, uone injini inakushikilia kiasi gani kabla ya kugusa breki. Hizi za breki za ngoma, ukizishika mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto na kulegea. Nilichukua 150 na sina majuto.

Angalieni pia mpangilio wa gia. Kuna pikipiki ambazo gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele, na kuna ambazo ya kwanza ni chini, zinazofuata unanyanyua. Mtu aliyezoea aina moja akipanda nyingine mlimani bila kuulizia, anaweza kuongeza gia pale anapotaka kupunguza.

Fundi wa Njombe

Niseme kwa ajili ya wanaonunua iliyotumika, maana matokeo yanaletwa kwetu gereji.

Ukifika kwa muuzaji, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, ujue imewashwa kabla hujafika. Kaa, ongea naye, subiri ipoe. Injini iliyochoka inaficha mambo mengi ikishapata moto. Ikipoa iwashe mwenyewe, kwa kiki, na umweke mtu nyuma aangalie ekzosi. Moshi wa buluu usiokatika ni oili inayoungua, yaani ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Moshi mweusi ni petroli nyingi: kabureta au kichujio cha hewa, hilo linarekebishika kwa bei nafuu. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ya huku kwetu, unaopotea baada ya muda mfupi, usikutishe.

Sikiliza mlio. Tikitiki nyepesi juu ya injini mara nyingi ni tapeti, yaani nafasi za valvu, zinasetiwa. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaozidi ukiipa mzigo, hapo achana nayo hata kama bei imeshuka.

Klachi ijaribu kwenye mpando. Gia ya juu, mwendo wa wastani, fungua resi ghafla. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, sahani za klachi zimekwisha. Cheni ivute kwa vidole kuelekea nyuma pale katikati ya spoketi kubwa. Ikinyanyuka ukaliona jino, hesabu cheni na spoketi zote mbili kwenye bei.

Spidomita usiitegemee, waya wake unachomolewa mara moja tu. Tazama raba za kukanyagia, raba ya pedeli ya gia, na ncha ya pedeli ya breki. Pikipiki inayosoma kilometa 9,000 haiwezi kuwa na raba zilizolika hadi chuma kinang'aa. Kisha nenda mwendo wa 40 kwenye barabara iliyonyooka, legeza mikono bila kuachia usukani. Ikivutia upande mmoja, inaweza kuwa tairi la nyuma halikufungwa sawa, au fremu imewahi kupinda kwa ajali. Piga magoti nyuma yake uone kama matairi mawili yamefuatana mstari mmoja.

Baada ya hapo ndipo ushike kadi ya usajili. Namba ya chesi iko shingoni mwa fremu, na ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zisome kwa macho yako, herufi kwa herufi, zilingane na kadi. Zikiwa zimekwaruzwa au zimepigwa upya, usitoe hela. Na hela ikitoka, uhamisho TRA ufanyike muuzaji akiwa bado anapokea simu zako.

Kwa ndugu zangu wa Nyanda za Juu: Njombe tuko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa Dar ikifika huku inapata petroli nyingi kuliko hewa, inakuwa nzito na plagi inakuwa nyeusi. Usiilaumu kabla kabureta haijasetiwa huku.

Nesi wa Singida

Nashukuru kwa uzi huu, na niwasemee wanawake kidogo. Mimi ni mfupi, na zahanati yangu iko njia ya mchanga. Kwangu jaribio la kwanza lilifanyika injini ikiwa imezimwa. Nilikaa, nikaangalia kama nyayo zote mbili zinafika chini, siyo vidole tu. Nikaisukuma kinyumenyume kutoka kwenye bonde la barabara. Nikaipandisha stendi kubwa mwenyewe bila kusaidiwa. Mbili nzuri sana nilizishindwa hapo hapo, muuzaji akaniambia nitazoea. Sikukubali, kwa sababu usiku nikiitwa kwa mama anayejifungua sina mtu wa kunishikia pikipiki.

Pili, kiki lazima iwepo na niiweze kwa mguu wangu. Betri ikilala kijijini hakuna wa kuiamsha, na stata peke yake haitoshi. Nimechukua TVS HLX 125, naimudu.

Upepo wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu pwani chumvi ndiyo adui. Nduthi, yaani pikipiki, inaweza kung'aa juu na huku chini imeoza. Nilipokwenda kutazama yangu nilibeba tochi: nikamulika ndani ya tangi, chini ya ekzosi, kwenye spoki pale zinapoingia rimu, na nyuma ya namba. Moja niliikataa kwa sababu ya kutu ndani ya tangi tu, maana hiyo kutu inateremka hadi kabureta na kila wiki utakuwa kwa fundi. Na huku Kenya, kama jina kwenye logbook (kadi ya umiliki) si la anayekuuzia, mtafute mwenye jina kwanza.

Mzee wa CG

Vijana wengi huponda pikipiki za Kichina kwa jumla, naomba tuwe waangalifu. Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976 iliilenga nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba mizigo na servisi inachelewa. Valvu zake zinasukumwa kwa fito kutoka chini, hakuna cheni ya taiming ya kulegea, na yenyewe ilivuta vizuri kutoka chini. Viwanda vingi vya China viliinakili injini hiyo, ndiyo sababu fundi wa kijijini anaifungua bila kuuliza. Nakala zinatofautiana sana kwa ubora wa chuma, kwa hiyo jaribu ile iliyoko mbele yako.

Nina jaribio moja la nyongeza, na halihitaji petroli. Kabla hujalipa, pita kwa mafundi watatu wa mtaani kwako, uliza waya wa klachi na seti ya breki za modeli hiyo vinapatikana wapi na kwa shilingi ngapi. Wakikutajia bei bila kufikiri, uko salama. Wakianza kusema "tutaagiza", fikiria upya.

Mgeni Dodoma

Fundi, samahani, na ile mpya niliyoilipia leo naweza kuijaribu kwa kuikimbiza nione mwisho wake?

Fundi wa Njombe

Hapana mdogo wangu, bado ringi na silinda hazijazoeana. Kilometa 1,000 za mwanzo badilisha badilisha mwendo, usiishikilie resi sehemu moja kwa muda mrefu, usiivutishe mlima kwa gia kubwa. Oili ya kwanza imwage mapema kama kitabu chake kinavyosema, utaona vumbi la chuma linalong'aa ndani yake. Mwendo wa mwisho utaujua baadaye, na kwa 125 hautakushangaza.

Mleta uzi

Fundi ubarikiwe, na dada wa Singida umenifungua macho. Bado hatujasikia zinavyokwenda mchangani kwenyewe. Aliyelinganisha Boxer 125 na HLX 125 kwenye mchanga mwingi, hasa na abiria nyuma, atuambie usukani ulivyokaa na tairi lipi la mbele lilishika.