Naomba ushauri: mita 60 za kingo za mto, watu hawatuelewi

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku milimani Uluguru, kwenye kijito kinachoteremka hadi mto Ruvu, ambao maji yake yananywewa Dar es Salaam. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tumebandika matangazo, tumeitisha mikutano mitatu. Wanakuja wazee wale wale, wanapiga makofi, kesho yake majembe yako pale pale kwenye tope.

Mkutano wa mwisho mama mmoja alinyanyuka: "Mwanangu, hizo mita 60 ndiyo shamba langu lote. Nikalime wapi?" Nikabaki natazama viatu vyangu.

Nimewaza nichote maji chupa mbili baada ya mvua, moja juu ya mashamba, nyingine chini yake, nizipeleke kilabuni na bombani watu wajionee tofauti. Maana wanaolima hasa ni akina mama na vijana, na mkutanoni hawafiki (saa nne asubuhi, nani aache shamba?).

Mliowahi kufanya kazi hii, mlianzia wapi? Na yule mama nimjibu nini?