Ushuhuda wa uponyaji kwa krusedi: tufuatilie, ama tunyamaze ju ni imani?

MWANZILISHI (Kondele, Kisumu):
Nianze na kusema wazi, mimi siamini Mungu. Nimezaliwa Vihiga, nimelelewa kwa kanisa, nimeimba kwaya ya vijana na nimekesha Ijumaa hadi jua la Jumamosi, kwa hivyo msiniambie sijui ninachoongelea. Swali langu ni hili. Mtu akipanda jukwaa la krusedi aseme amepona, mbona kumuuliza "ulipimwa wapi, lini" kunahesabiwa kuwa roho chafu?

Guku yangu, yaani nyanya, alikuwa na presha. Dawa yake alikuwa anameza kila asubuhi na chai, hakuwahi kosa. Kukaja krusedi kwa uwanja wa soko, siku nne, spika zimeelekezwa kila upande, na siku ya tatu mhubiri akasema kuna mama hapa ana presha, Mungu anaitoa sasa hivi. Fikirieni, uwanja umejaa wamama wa miaka 60 kwenda juu, wa presha atakosekana aje? Guku akainua mkono, akapelekwa mbele, akapewa maiki akasema kichwa kimekuwa chepesi, watu wakapiga vigelegele na mimi nikapiga makofi, nilikuwa na miaka 17. Dawa aliacha usiku huo huo. Na hakuwa anadanganya, hapo ndipo watu hawanielewi, alikuwa anasikia vizuri kabisa. Lakini presha mara nyingi haiumi! Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 na anapalilia mahindi akiimba. Kitu kingetuambia ukweli ni ile mashine ya kufunga mkono pale zahanati, na hakuna mtu alimpeleka, ju kumpeleka ni kama tungekuwa tunamwonyesha Mungu shaka. Baada ya miezi minne akapooza upande wa kushoto. Mhubiri alikuwa ashaenda mji mwingine, na video ya ushuhuda wa guku waliendelea kuionyesha.

Huku Kisumu kuna ingine inaniuma hata zaidi. Mtu wa ARV, zile dawa za kupunguza virusi vya UKIMWI, anameza vizuri, anapimwa wingi wa virusi, karatasi inarudi imeandikwa LDL, maanake virusi vimepungua mpaka kipimo hakivioni. Hiyo ni dawa imefanya kazi. Sasa karatasi inapelekwa madhabahuni inaitwa muujiza, dawa zinaachwa, na virusi vinarudi.

DADA WA KIBUYE:
Bwana asifiwe ndugu. Pole sana kwa guku, hata mimi imenigusa. Lakini usitupe wokovu wote kwa kosa la mhubiri mmoja. Bwana yangu alikuwa anakunywa chang'aa mpaka anauza sufuria za nyumba, tukaanza kwenda kesha, akaanguka pale madhabahuni akilia kama mtoto, sai ni miaka 9 hajaonja. Hiyo utaipima na mashine gani? Na pasta wetu huambia watu wameze dawa na waombe.

MWANZILISHI:
Dada asante, na pasta wenu nampa heshima yake kabisa. Lakini angalia venye umenijibu. Hukuishia kwa kusema alilia, umenihesabia miaka 9. Huo ndio ushahidi nauliza, maisha ya mtu baadaye, watu wa nyumba wakiwa mashahidi. Tunatofautiana tu kwa chanzo, mimi naona aliokolewa na wale watu 20 wa kesha ambao akikosa Ijumaa moja wanakuja kumgongea mlango.

Kuhusu kuanguka, mimi pia nilianguka nikiwa na miaka 15 na sikuwa naigiza. Umefunga tangu asubuhi, mmeruka sifa saa nzima, halafu kinanda kinashuka pole pole, mia tano wanalia kando yako, mkono unawekwa kwa paji la uso, magoti yanaisha nguvu. Nywele zimewahi kunisimama hivyo hivyo timu ya Gor ikifunga bao dakika ya mwisho. Ule msisimko ni wa kweli, lakini hauwezi kuniambia nani yuko mbinguni wala kama ini la mtu limepona.

MZEE WA NAKURU:
Kijana, wewe ni wa Vihiga, uliza wazee wako. Marafiki, wale wamisionari wa Quaker, walikuja Kaimosi 1902, na 1927 watu wakashukiwa na Roho pale pale, wakatetemeka, wakaungama, wakanena kwa lugha. Kuna wamisionari walikataa, walioguswa wakasukumwa nje ndio kukatokea makanisa ya Roho. Kila mara mwenye elimu na mwenye serikali wanataka kumfundisha maskini venye ataomba. 2016 walileta sheria za kubana makanisa, watu wakakataa zikarudishwa. Katiba kifungu cha 32, cha uhuru wa dini, kinatulinda.

MWANZILISHI:
Mzee, kwa heshima, ya Kaimosi naijua, na wale watu walionewa, singetaka kamwe waonewe tena. Mtu anene kwa lugha, atetemeke, akeshe, sina neno. Na kifungu hicho cha 32 kinanilinda mimi pia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini, lakini chama cha wasioamini kilipoandikishwa Februari 2016, kufika Aprili kikawa kimesimamishwa na ikabidi waende korti.

Lakini Shakahola, mzee, ule msitu wa Kilifi walipozikwa waumini wa kanisa moja. Aprili 2023 walianza kufukua, wakapita miili 400, wengi walikufa njaa, na kati yao kuna watoto. Kesi iko kortini sitaiingilia. Ninachojua, mtu hafiki huko siku moja. Kwanza anafundishwa shule si ya Mungu, hospitali si ya Mungu, na akitaka kuuliza anaambiwa shaka ni dhambi, na kila "amina" ya umati inamfungia mlango mmoja. Guku alifungiwa mlango wa kwanza tu na bado tulimpoteza.

Sitaki serikali ifunge krusedi. Nataka meza ya kupima presha na sukari kando ya jukwaa, apimwe kabla ya ushuhuda, arudi baada ya mwezi, na mhubiri aseme kwa maiki ile ile: dawa usiache mpaka daktari akuambie.

NESI, KAPTEMBWA:
Mimi nimeokoka na naunga mkono. Kwa zahanati yetu, wiki baada ya krusedi huwa tunapigia wagonjwa waliokosa klinik, na wengine hawashiki simu.

DADA WA KIBUYE:
Krusedi yetu ni Agosti. Nitamuuliza pasta kuhusu hiyo meza, lakini ikikubaliwa utakuja kukaa hapo mpaka mwisho, hata wakati wa maombi?

MWANZILISHI:
Nitakuja dada, siku zote, na mashine nitanunua mwenyewe. Hata wakati wa maombi nitakaa.