MJADALA: Timu ya besiboli inajengwa upya, warushaji vijana waachwe wapigwe ligi kuu au wafichwe ligi za chini mpaka waive?

Wakuu, naomba tulijadili hili maana mimi na mzee mmoja ninayefanya naye kazi ghalani hapa Grand Rapids tumelibishania wiki nzima na hakuna aliyekubali kushuka. Mzee ni Mmarekani, shabiki wa Detroit Tigers tangu akiwa mtoto. Mimi besiboli nimeipendea huku huku Michigan, zamu ya usiku, redio imewekwa juu ya maboksi, na miaka niliyoanza kusikiliza ndo ile miaka timu inafungwa leo inafungwa kesho. Msimu wa 2019 Tigers walicheza mechi 161 wakapoteza 114. Mtu akinunua tiketi siku hizo ujue anaipenda timu kweli.

Hoja ya mzee ni hii: klabu ikiamua kubomoa na kuanza upya isijenge juu ya warushaji vijana kabisa, ijenge na wapigaji, warushaji watanunuliwa baadaye timu ikishakuwa tayari kushindania ubingwa. Na kama tayari unao hao vijana basi wafiche huko chini mpaka waive, usiwalete ligi kuu wakapigwa homrani (mpira unaopigwa ukaruka mpaka nje ya uwanja) mbele ya watu elfu 20 wakavunjika moyo. Mimi nasema kinyume chake. Miaka ya kujenga ndo miaka pekee ambayo kijana anaweza kupigwa bila kumharibia mtu yeyote kitu, kwa hiyo waache warushe, waache wapigwe, kitu cha kulinda ni mkono wa dogo na sio takwimu zake.

Kwa ambao mchezo huu mnaufuatilia kwa mbali, mrushaji ndo anayeanzisha kila kitu. Akiwa vibaya siku hiyo wenzake nane hata wawe wazuri namna gani wanabaki kukimbiza mipira tu. Na kijana hapandi siku moja, kwa Tigers ngazi ni Lakeland kule Florida, halafu hapa kwetu West Michigan, halafu Erie, halafu Toledo, ndo Detroit.

Nianze na upande wa mzee maana ana mifano mizito na sitaki kuipita juu juu. Houston Astros walikuwa wabovu kuliko timu zote msimu wa 2012, kwa hiyo 2013 wakapewa chaguo la kwanza kwenye drafti, ule mgao wa kila mwaka ambapo klabu zinachagua vijana wapya, wakamchukua mrushaji Mark Appel. Chicago Cubs waliokuwa nyuma yao wakamchukua mpigaji Kris Bryant. Bryant mwaka 2016 akawa mchezaji bora wa ligi yake na Cubs wakabeba ubingwa wa kwanza tangu 1908. Appel hakuwahi kurusha mpira hata mmoja wa ligi kuu akiwa na Houston, alikuja kuonekana ligi kuu 2022 akiwa na Phillies, miaka 30. Cubs wenyewe walivyojenga ndo mzee anavyotaka, wapigaji wamelelewa nyumbani, warushaji wametafutwa nje, Jon Lester kanunuliwa kwa dola milioni 155, Jake Arrieta kachukuliwa kutoka Baltimore ambako alishaonekana hafai. Hapo siwezi kubisha, ile njia ilizaa matunda.

Lakini mzee akimaliza Cubs anarukia "kwa hiyo warushaji vijana ni hasara", na hapo ndo tunapoachana, maana Cubs walifanikiwa kwa njia yao na hiyo haiwi ushahidi kwamba njia nyingine haipo. Atlanta Braves mwaka 1990 walikuwa wa mwisho, wamepoteza mechi 97. Mwaka uliofuata tu wakafika fainali, World Series, wakafika mpaka mechi ya saba. Walibebwa na nani? Tom Glavine, ambaye 1988 alishinda mechi 7 akapoteza 17 (mrushaji huandikiwa ushindi au kipigo cha mechi kwa jina lake). John Smoltz, ambaye mwaka huo huo alishinda 2 akapoteza 7. Steve Avery, ambaye 1990 alianza kwa kushinda 3 na kupoteza 11. Hao wote walipigwa ligi kuu, hadharani, wakiwa madogo, kwenye timu ambayo haikuwa na cha kupoteza. Wangefichwa wangejifunza wapi kumrushia mpigaji wa ligi kuu? Mpigaji wa Toledo mpira mbaya anaukosa, wa ligi kuu anaupeleka kwenye viti vya mashabiki, na hilo somo halina shule nyingine.

Sasa tuje nyumbani Detroit, kwa Tarik Skubal. Huyu sasa hivi kila mtu anamjua, mrushaji bora wa ligi ya American mara mbili mfululizo, 2024 na 2025, mwaka 2024 alishinda 18 akapoteza 4. Mei 2025 aliwazima Cleveland mechi nzima bila kufungwa, straikauti 13 (wapigaji 13 wametolewa bila kuupiga mpira wake), na mpira wake wa mwisho kabisa ulipimwa maili 102.6 kwa saa, yani mtu ameshamaliza kazi ya siku nzima ndo anarusha kwa kasi kuliko alivyoanza! Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari mpaka wapita njia wakanigeukia.

Ila wanaomshangilia leo wengi hawaikumbuki 2021. Skubal alichukuliwa raundi ya 9 mwaka 2018, nambari 255, na alishafanyiwa operesheni ya kiwiko akiwa chuo kwa hiyo timu nyingi zilimuogopa. Akaletwa Detroit 2020, akashinda moja akapoteza nne. Msimu wa 2021 akashinda 8 akapoteza 12 na akapigwa homrani 35 ndani ya iningi 149 (mechi moja ina iningi tisa). Thelathini na tano! Timu inayogombea ubingwa ingemvumilia mrushaji wa namna hiyo? Mwezi wa tano tu angekuwa kwenye basi la Toledo, na kule angewazima watu kwa nguvu ya mkono peke yake bila kuguswa na angebaki yule yule. Tigers walimwacha kwa sababu hawakuwa na presha ya msimamo wa ligi, na kabla ya msimu huo walikuwa wamemchukua kocha wa warushaji Chris Fetter kutoka Chuo Kikuu cha Michigan, mtu wa kukaa na hawa vijana kuwaambia kwanini ule mpira ulipigwa na kesho ufanye nini. Mzee hili analisahau kila siku. Kumwacha kijana apigwe bila mwalimu ni kumtupa, hapo niko naye kabisa, lakini apigwe halafu kuna mtu anakaa naye chini, hiyo ndo ada ya shule.

Mzee akibanwa hapo anakimbilia mikono. Anasema haya, na Casey Mize je? Mize ndo alikuwa chaguo la kwanza la drafti nzima ya 2018, akapewa dola milioni 7.5, kwenye mechi yake ya kwanza Erie 2019 hakuna mpigaji aliyefika besi (kituo cha kukimbilia) kwa kuupiga mpira wake, tukajua tumepata mkombozi. Mwaka 2021 klabu ikamchunga kama yai, nusu ya pili ya msimu anarusha iningi tatu au nne anatolewa ili asichoke. Juni 2022 kano ya kiwiko ikaenda, operesheni ya Tommy John, ile ya kuunda upya kano ya kiwiko, akarudi 2024. Skubal naye Agosti hiyo hiyo ya 2022 akafanyiwa operesheni ya mkono. Na Jackson Jobe, huyu dogo mi nilimuona kwa macho yangu kiangazi cha 2023 hapa Comstock Park akiwa na Whitecaps, hiyo timu ya hapa West Michigan, nimekaa karibu nasikia mpira unavyolia kwenye glavu ya mdakaji, nikampigia simu mdogo wangu Morogoro kumwelezea mtu asiyejua besiboli hata kidogo. Alipanda mpaka Detroit mwisho wa 2024. Juni 2025, miaka 22, kiwiko, Tommy John. Siku ile habari imetoka niliumia kama mtu wa nyumbani ndo ameumia.

Kwa hiyo mzee ananiambia unaona, watatu wote, ulitaka kujenga nyumba juu ya viwiko.

Jibu langu ni kwamba mkono haujui kama uko Toledo au uko Detroit. Mpira ni ule ule, nguvu ni ile ile, tena huku chini dogo anajikaza zaidi ili aonekane apandishwe. Tigers walipomuuza mrushaji wao Justin Verlander kwa Houston mwaka 2017 mtu mkubwa waliyempata alikuwa mrushaji Franklin Perez. Huyo hakupigwa homrani hata moja Detroit, maana hakufika, bega lilimsumbua huko huko chini mpaka ikawa basi. Alifichwa vizuri kuliko wote na haikumsaidia kitu. Ligi yenyewe Desemba 2024 ilitoa ripoti ndefu kuhusu haya majeraha, ikataja mbio za kutafuta spidi na mzunguko wa mpira, na kila mtu kurusha kwa nguvu zake zote kila mpira. Hiyo tabia inaanza wakiwa watoto wa shule, kabla hata klabu haijawaona. Kama tunataka kulinda mikono tuanzie hapo, tuache kumpandisha cheo dogo kwa sababu tu kipima spidi kimeandika 100. Mize walimhesabia iningi na kiwiko kikaenda vile vile, kwa hiyo kuhesabu iningi peke yake naona ni kujifariji.

Kuna mfano mmoja lakini ambao unanisumbua na ni lazima niuseme, maana mzee aliishi nao, mimi nilikuwa bado sijui hata huu mchezo unachezwaje. Mwaka 2003 Tigers walipoteza mechi 119. Mrushaji Jeremy Bonderman alikuwa na miaka 20, mwaka wa nyuma yake alikuwa bado ngazi ya A huko chini, wakamrusha moja kwa moja ligi kuu bila kupitia ngazi mbili za kati. Akashinda 6 akapoteza 19, mwishoni kocha Alan Trammell akampunguzia mechi ili asifikishe 20. Mike Maroth, mwenzake, alifikisha 21. Mzee anasema alikuwa anakaa uwanjani akimwangalia yule mtoto anatoka kichwa chini anataka kulia yeye. Ninaelewa kwanini msimamo wake umetokea pale.

Ila miaka mitatu baadaye, Oktoba 2006, ni huyo huyo Bonderman aliyesimama mbele ya Yankees Tigers wakihitaji ushindi mmoja kuwatoa, akawapangua iningi tano za kwanza bila mtu wao yeyote kukanyaga besi, Yankees wakarudi kwao. Ana miaka 23! Kwa hiyo kupigwa kule hakukumvunja moyo. Kilichomkata ni damu kuganda kwenye mshipa mwaka 2008, na baada ya hapo hakuwa tena yule. Hata hivyo sitaki kumtumia kama ushahidi wangu, mi naona walikosea kumrukisha ngazi zile mbili, mtoto wa miaka 20 apitie Erie kwanza kisha ndo tumlete apigwe. Kupigwa akiwa tayari kujifunza na kupigwa akiwa hajui hata kinachomtokea sio kitu kimoja, na hapo mzee nimempa nusu ya hoja yake.

Nusu nyingine simpi. Kinachoua timu inayojengwa ni kuweka matumaini yote kwa dogo mmoja, kubandika sura yake kwenye kila bango, halafu kiwiko kikienda mji mzima unaingia msibani. Lete kumi. Mwaka 2024 Tigers mwezi wa nane walipewa nafasi chini ya asilimia 1 ya kufika mtoano, Julai walishamuuza mrushaji wao Jack Flaherty, na watu walikuwa wanataka hata Skubal auzwe wapate madogo wengine wa kuanza upya tena. Wakabaki na Skubal na kundi la vijana, Keider Montero, Brant Hurter, Beau Brieske, Tyler Holton, kocha A.J. Hinch anawapokezana iningi mbili huyu tatu yule, na wakafika, na raundi ya kwanza wakawatoa Houston. Hao wengi wao hakuna aliyewahi kuwatabiria kitu. Wangekuwa wamefichwa Toledo wakisubiri kuiva nani angerusha zile iningi?

Kwa hiyo naomba wenye maoni mnijibu hili moja, na mzee nitamtafsiria majibu yenu kesho wakati wa mapumziko. Turudi Julai 2021. Wewe ndo meneja mkuu, timu haiendi popote, Skubal kila wiki anapigwa homrani, mashabiki wanazomea, gazeti linauliza kwanini hashushwi. Unamshusha au unampa mpira siku yake ikifika? Na ukisema unamshusha nitajie na mtu wa kurusha badala yake, uniambie huyo miaka mitatu baadaye angekuwa wapi.