Tupeane uzoefu: mlioishi jirani na viwanja wakati wa CHAN, mtaa uliambulia nini?

Ngarenaro Boy: Wakuu salaam. Juzi kwenye mkutano wa mtaa huku Arusha kasimama bwana mmoja na makaratasi yake, anatueleza AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, itakavyotunufaisha. Ajira kwa vijana, fursa kwa kina mama, barabara, taa. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Fursa gani, na nani anaigawa?" Bwana akasema hilo wamelichukua. Ndipo nikawakumbuka nyie wa Temeke (Dar), Kasarani (Nairobi) na Amaan (Zanzibar) mliopitia CHAN Agosti 2025, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Semeni ukweli, pesa ilifika mtaani au iliishia getini?

Kibwagizo: Iliishia getini. Tuendelee na mengine.

Pweza Mkavu: Amaan siku Sudan inaichapa Nigeria 4-0 niliuza maji mpaka barafu ikaisha, alhamdulillah. Siku nyengine nilikaa naangalia magari yanapita.

Mama Wawili: Umenitonesha mwanangu. Mimi napika Keko, mechi za Simba na Yanga Kwa Mkapa ndizo zinazonisomeshea watoto. Niliposikia ufunguzi ni hapa hapa, Taifa Stars na Burkina Faso, tarehe 2 Agosti, nikajua Mungu kanikumbuka. Nikakopa kikoba. Mchele, kuku, hotipoti mpya mbili kubwa.

Wiki ile akapita kijana mtanashati, beji shingoni, kishikwambi mkononi, anaandikisha mama lishe "watakaoruhusiwa ndani ya ukanda". Elfu thelathini. Akatupiga picha, akatuuliza tunapika nini, hadi kama tuna kofia na aproni. Kesho yake kaleta vitambulisho, vimepigwa lamination, sura yangu hiyo, nembo hiyo. Sasa mtu anayekuuliza habari za aproni utamdhania tapeli?

Siku yenyewe nafika kizuizini na toroli la chakula. Mlinzi anakipokea kitambulisho, anakigeuza nyuma, anamwita mwenzake. Mwenzake akacheka, "Mama, na wewe?" Nikarudishwa. Kila nikitua, kamba inasogezwa na mimi nasogezwa. Nikaishia kwenye uchochoro ambao shabiki hapiti labda awe kapotea. Uwanja ukalipuka goli la kwanza, mimi nimeshika mwiko. Goli la pili wali umeshaanza kushikana. Tumeshinda 2-0, kila mtu anacheza, mimi naogopa kurudi nyumbani kwa sababu mweka hazina wa kikoba tumepakana ukuta. Usiku ule nikajitwisha hotipoti mpaka walipoegesha mabasi, madereva na makonda ndio walionisitiri. Kuku walibaki. Tulikula kuku mpaka mwanangu mdogo akaniomba maharage.

Dada wa Mtongani: Yaani umenisimulia mimi.

Mtaa wa Nyuma: Ngoja ngoja. Huyo kijana ana mwanya, na kila sentensi anasema "kiutaratibu"?

Mama Wawili: KIUTARATIBU! Ndiye huyo huyo jamani!

Mtaa wa Nyuma: Kwetu alitujia sisi waendesha bodaboda. Akatuahidi kituo maalumu cha kushusha mashabiki, tukachangishana. Ila vikoti vya kung'aa alituletea kweli, tunavivaa mpaka leo.

Kibwagizo: Basi huyo ndiye mtu pekee aliyeleta manufaa kwa jamii.

Dada wa Mtongani: 😂😂 Mwenye picha yake aiweke hapa.

Bwana Kanuni: Samahanini, lakini mengine mnajitakia. Mtu anapokea hela mkononi, hakuna risiti, hakuna namba ya malipo, na mnatoa tu?

Mama Wawili: Baba, nilienda kwa mjumbe kwanza. Akaniambia "nasikia kuna utaratibu". Nikauliza kwingine, jibu hilo hilo. Tangazo halikubandikwa popote, sasa ningelinganisha na nini?

Bwana Kanuni: Bado ungesubiri.

Dada wa Mtongani: Usubiri mechi iishe? Wewe umewahi kuuza hata karanga?

KasaraniKwetu: Poleni majirani. Sisi huku Nairobi tulipigwa na hesabu, si tapeli. Harambee Stars walipoifunga Morocco 1-0, watu wakavamia mageti, CAF (shirikisho la soka Afrika) ikapunguza idadi ya tiketi hadi 27,000, za kielektroniki pekee. Sasa biashara ya nje ya uwanja inategemea sana wale wasio na tiketi, wanaokuja kuonja msisimko. Hao wakaambiwa wakae nyumbani. Halafu robo fainali Madagascar wakatutoa kwa penalti, na mimi nimeshaleta jezi za nusu fainali, magunia. Fainali ikachezwa hapa hapa Kasarani, Morocco na Madagascar. Jezi ya Kenya unamuuzia nani?

Pweza Mkavu: Ungeibandika nyota ya kijani ukawauzia Wamorocco. Nyekundu ni nyekundu.

Mwanasheria wa Kijiweni: Ngarenaro Boy, yule mzee wa nyuma ndiye aliyeuliza la maana. Mashindano makubwa huja na mikataba kati ya waandaaji na wenyeji, na kuna eneo kuzunguka uwanja ambamo siku ya mechi biashara inalindwa kwa ajili ya wadhamini. Hiyo kamba aliyokuwa anakimbizana nayo Mama Wawili ilikuwa imeshachorwa kwenye ramani zamani, mahali fulani mezani. Mkitaka kitu, kitakeni kabla ramani haijasainiwa.

Salvador, Brazil, wanawake wanaouza acarajé (bajia za kunde zinazokaangwa kwa mawese) walikuwa wazuiwe kuuza uwanja wa Fonte Nova kwenye Kombe la Mabara 2013 na Kombe la Dunia 2014. Wana chama chao, wakaandamana, wakakusanya saini, wakaingia. Durban nako, kuelekea Kombe la Dunia 2010, soko la alfajiri la Warwick lilitakiwa kupisha jengo la maduka. Wafanyabiashara wakagoma kuhama na kesi zikaenda mahakamani. Soko lipo mpaka leo. Kwa hiyo msiombe "fursa". Ombeni vizimba vingapi, mtaa gani, orodha anaishika nani, na itabandikwa ukutani lini.

Bwana Kanuni: Brazil si Arusha. Hapa ukizunguka na saini utaitwa mpinga maendeleo.

Kibwagizo: Usiseme saini, sema mahudhurio.

Mpangaji Sugu: Mie nakaa upande wa uwanja mpya huko Arusha. Mwenye nyumba kashaniambia 2027 nimpishe mwezi mzima alaze wageni, halafu nirudi. Vyombo vyangu nivitundike kwenye mti?

Baba Mwenye Nyumba: Saruji ulininunulia wewe? Hiyo ndiyo manufaa kwa jamii, na mimi ni jamii.

Mpangaji Sugu: Choo cha kuchangia watu wote hao, unamlaza nani humo, mwandishi wa habari wa CAF?

Baba Mwenye Nyumba: Nitaezeka upya. Shughulika na kodi yako.

Dada wa Mtongani: Ushauri wangu kwa wa Arusha: msikope.

Pweza Mkavu: Kopeni sasa hivi. Ukikaribia mashindano kila mtu anakopa na mchele unapanda.

Mtaa wa Nyuma: Uzeni chaji. Tiketi ipo kwenye simu, simu ikizima mita chache kabla ya geti mtu anakulipa utakachotaja. Nilimwona mtu na betri ya gari na waya zake, alikuwa hana hata muda wa kuangalia matokeo.

Ngarenaro Boy: Mama Wawili, kile kitambulisho bado unacho? Nipe picha niende nayo mkutano ujao, nimwonyeshe yule bwana wa makaratasi.

Mama Wawili: Ninacho. Nimetoka vizuri mno, kukitupa nimeshindwa. Ficha jina tu.

Bi Mkubwa wa Mgulani: Mimi sikupika wala kuuza. Nina choo cha nje na geti linatazama njia ya mashabiki. Mia tano kichwa, ndoo, sabuni, mjukuu mlangoni. Foleni ilifika kwa jirani. Hela ile ndiyo imeweka bati jipya hapo nyuma.

Kibwagizo: Kumbe pesa haikuishia getini, iliishia chooni.

Mama Wawili: Wifi, 2027 Stars wakicheza Dar naomba nipike hapo getini kwako, tugawane.

Bi Mkubwa wa Mgulani: Karibu, ila upande wa pili wa foleni. Na maji uje na dumu zako, siku za mechi ya kwangu hayatoshi.