Betri za vihisi zinaisha mapema: je, nibadilishe algoriti ya usimbaji?

MpungaDijitali
Ndugu wanajamvi, salaam. Shamba letu la mpunga lina vihisi 24 vinavyopima kina cha maji na kutuma vipimo kila baada ya dakika 10 kwa redio ya CC2420, yaani kwa kiwango cha IEEE 802.15.4. Tangu niwashe usimbaji wa AES-128, baadhi ya betri hazimalizi msimu. Nimesoma kwamba algoriti ya Ascon, iliyochaguliwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2023 kwa ajili ya vifaa vidogo, ni nyepesi zaidi. Je, nihamie huko?

FundiRedio
Ndugu, Ascon ingekufaa kama chipu yako isingekuwa na AES ndani yake. Yako inayo, kwa hiyo hesabu zenyewe hazikugharimu kitu. Tazama baiti unazorusha. Kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, kila baiti hukaa hewani maikrosekunde 32, na muhuri wa uthibitisho wa baiti 16, unaoonyesha kwamba ujumbe haukughushiwa, huongeza maikrosekunde 512 kwa kila fremu, yaani kila furushi la data linalorushwa. Kama kipimo chenyewe ni baiti 6, gunia ni zito kuliko mpunga uliomo. Shuka hadi baiti 8. Kiwango kinaruhusu hata baiti 4, ila mimi nisingethubutu mahali ambapo kipimo cha uongo kinaweza kufungua lango la maji.

Kapi
Ushauri huo ni sahihi, lakini hautibu ugonjwa huu. Fremu 144 kwa siku, kila moja ikiongezewa maikrosekunde 512, ni milisekunde 74 tu. Redio ikiachwa isikilize kwa dakika moja, kwa miliampia zake 18.8, inakula zaidi ya mara 800 ya hapo. Je, vihisi vyako husubiri jibu la kituo kikuu? Na kihesabu cha fremu, namba inayopanda kwa kila fremu inayotumwa, unakihifadhi wapi? Kihisi kikijizima na kuwaka upya huku kihesabu kikianza tena sifuri, kituo hukiona kama mwigaji anayerudia fremu za zamani na kuzitupa, nacho hubaki kikituma tena na tena, redio ikiwa wazi.

MpungaDijitali
Nimekagua. Kihesabu kipo kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na vihisi vinavyomaliza betri ndivyo vilivyowahi kuwaka upya. Je, nikizima ukaguzi wa kihesabu kituoni?

Kapi
Usifanye hivyo kamwe. Kihesabu hicho, pamoja na anwani ya mtumaji, ndicho kinachounda namba ya matumizi ya mara moja ambayo usimbaji huitumia kwa kila fremu. Ikijirudia chini ya ufunguo uleule, anayesikiliza pembeni anaweza kulinganisha fremu mbili na kufichua tofauti ya vipimo vyake bila kuujua ufunguo. Andika kwenye flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kikomo kilicho mbele ya kihesabu kwa hatua 1,000; kihesabu kikikifikia, andika kingine, na kihisi kikiwaka upya kianzie kwenye kikomo kilichoandikwa. Kwa mwendo wako utaandika mara moja kila baada ya siku saba hivi, na flashi haitachakaa.